Pepo wa mateka hana ukoo

Kijana mmoja wa Uyole, niliyemfundisha kidato cha pili na ambaye bado ananiita mwalimu ingawa nimeshastaafu, alinisomea hadithi yake wiki iliyopita kwenye kibanda cha chai pale Mwanjelwa. Mvua ya Mbeya mnaijua: ikishaamua kukaa, inakaa kama mgeni wa kilioni. Tukaagiza chai ya tangawizi, akatoa simu, maana vijana wa siku hizi wanaandika riwaya nzima kwa kidole gumba, akaanza.

Askari wa Kihehe anatekwa vitani. Anauzwa. Anavalishwa kongwa shingoni, lile gogo lenye panda, na kuunganishwa na wenzake katika msafara wa pembe unaoteremka pwani. Usiku wa tatu, wenzake wakikoroma, anaona kitu kinang'aa juu ya majivu, kidogo kama kimulimuli. Ni pepo wa kike. Amekaa juu ya figa, amekunja miguu, anamtazama. Kisha anauliza: "Mbona mmefungwa pamoja? Mlikuwa mnataka kuachana?"

Hapo nikaweka kikombe chini. Swali kama hilo halipatikani kila siku. Lakini chai yangu haijapoa, pepo ameshapuliza kongwa likapasuka, askari kaokota mkuki, walinzi saba wako chini, na msafara mzima unaimba.

"Unaonaje, mwalimu?"

"Mwanangu, pepo wako umemwajiri kazi ya seremala."

Akacheka, lakini niliona kwamba limemchoma. Kwa hiyo makala hii ni deni langu kwake, na kwa wenzake wengi wanaoandika hadithi za namna hii huku Nyanda za Juu Kusini.

Alikoitoa sina ugomvi nako. Askari aliyeanguka utumwani, akapata rafiki asiye wa dunia hii, ni mtu anayesimuliwa sehemu nyingi, na vijana wetu wamekutana naye kwenye vitabu vya wenzetu na kwenye michezo ya simu. Hadithi hazijawahi kuomba pasipoti. Ninachotaka ni pepo huyo akifika kwetu aulizwe swali ambalo mgeni yeyote wa Iringa au Rungwe huulizwa kabla hajapewa kigoda: wewe ni wa nani?

Kwa maana huku kwetu waliokufa wana anwani. Wahehe na Wabena wanawaita masoka, Wanyakyusa wanawaita abasyuka, na kokote uendako kuanzia Kilolo hadi Tukuyu utakuta jambo lile lile: mzimu ni ndugu. Ana kaburi lake, ana mti wake, ana watoto wake wanaomkumbuka kwa ugimbi, pombe yetu ya kienyeji, kidogo unaomwagwa chini, na akisahauliwa hukasirika, kama ambavyo mjomba yeyote angekasirika. Mzimu hazururi barabarani akitafuta wa kusema naye. Unamfuata alipo.

Sasa mtoe mtu huyo Kalenga, huko Uhehe, mfunge, mtembeze mwezi mzima kuelekea mashariki. Amepoteza mke, ng'ombe na mkuki, hayo kila msimulizi anayataja. Nisiloliona katika hadithi za vijana ni kwamba amepoteza pia waliokufa wake. Makaburi yamebaki nyuma. Hata akipata pombe ya kumwaga, ataimwaga juu ya ardhi ya watu wengine, na masikio yaliyo chini yake hayamjui. Anapiga, namba haipatikani kwa sasa. Mimi naona huo ndio upweke halisi wa mateka, mkubwa kuliko uzito wa kongwa, na ndiyo sababu pepo anayemtokea hawezi kuwa mzimu wa kwao. Mizimu ya kwao ingekuwa na uwezo wa kumfuata, asingekuwa amefika hapo.

Basi ni nani? Labda ni pepo wa mahali pale, wa mto au mwamba, na msafara umelala uani kwake bila hodi. Hapo udadisi wake unaeleweka: ni mwenye nyumba anayechungulia wageni wasiobisha. Au, na hili ndilo linalonivuta zaidi, naye amepotea. Ni mzimu wa kijiji kilichochomwa, ambako hakubaki hata mtoto mmoja wa kumtaja jina, kwa hiyo amekuwa mdogo, mwepesi, msahaulifu, akikaribia kuwa kimulimuli tu. Anauliza maswali kwa sababu hakumbuki. Mateka asiye na mizimu amekutana na mzimu usio na watu. Yeyote anayetaka kuandika urafiki ana urafiki tayari hapo, na hajagusa muujiza hata mmoja.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la askari. Vita vya karne ya 19 katika nyanda hizi vilikuwa na hesabu mbaya. Wasangu walijifunza mbinu kwa Wangoni, Wahehe wakajifunza kwa Wasangu, na baada ya hapo mabonde yote ya kati yakawa uwanja. Konsuli Mwingereza Frederic Elton alipopita Usangu mwaka 1877 alikuta Wasangu wa mtemi Merere na Wahehe wako vitani. Kijiji kikivamiwa, kwa kawaida waliochukuliwa walikuwa wanawake na watoto. Mwanamume mzima mwenye mkuki aliuawa, kwa sababu ni mzigo: atatoroka, atalipiza, anakula sana. Kwa hiyo askari aliye hai ndani ya kongwa anadaiwa maelezo. Kwa nini hakufa na wenzake? Alijeruhiwa akadhaniwa maiti? Alitupa mkuki? Aliuzwa na mtemi wake mwenyewe baada ya kosa fulani? Kijana wangu wa Uyole alilipita swali hili kama anayepita kituo cha daladala asichoshukia. Ukilipita, huna mhusika. Una misuli tu.

Na kama mwandishi atasumbuka kidogo, atakuta historia ina mambo ya ajabu kuliko alichobuni. Mipaka kati ya askari na mtumwa ilikuwa ikivukwa pande zote mbili. Wangoni wa Songea walichukua mateka, wakawaita Wasutu, na vijana wa hao hao Wasutu wakawekwa kwenye vikosi vya vita. Wajerumani nao, Hermann von Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889, alikwenda Misri kuajiri askari wa Kisudani, na jeshi la Misri lilikuwa na desturi ya muda mrefu ya kuwageuza watumwa kuwa askari. Fikirieni basi Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, siku Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipoivunja safu ya kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski. Leo mtu wa Dar es Salaam ukimtajia Lugalo anawaza kambi na hospitali ya jeshi, lakini Lugalo ni pori la kwetu. Siku ile, upande wa bunduki, inawezekana kabisa alisimama mtu ambaye baba yake aliwahi kununuliwa. Na upande wa mikuki, mtu ambaye mama yake alitekwa Usangu. Nani hapo ni mtumwa na nani askari? Pepo mdadisi angekuwa na kazi ya wiki nzima.

Fasihi yetu ina jini mmoja ambaye napenda vijana wamkumbuke hapa. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert alimleta jini wa kike aitwaye Huria. Ndiyo, Huria, jina lenye uhuru ndani yake. Na kazi aliyompa Adili ni ipi? Kuwachapa viboko kila usiku ndugu zake wawili waliogeuzwa manyani. Adili hataki, analia, lakini anachapa, kwa sababu jini ameamuru. Nimefundisha kitabu hicho miaka mingi, na kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi mmoja, kwa kawaida yule wa kiti cha nyuma, aliyeuliza: kama anaitwa Huria, mbona anaamrisha tu? Sikuwahi kumpa jibu la kunitosheleza mwenyewe. Ila nadhani swali hilo linatenga aina mbili za pepo. Kuna anayeamuru na kuna anayeuliza. Mtu aliyekuwa askari amekulia kwenye amri, kisha utumwa ukampa amri nyingine. Pepo akija wa tatu, naye na amri, hata kama ni "simama, uko huru", bwana amebadilika, mtu hajabadilika.

Anayeuliza anafanya kitu kingine. Mtumwa haulizwi. Huambiwa, huitwa, hupigiwa mluzi. Anayetaka kujua jina la mama yake ni nani? Hivyo maneno ya mtu huyo yanaanza kukauka kooni, moja baada ya jingine, na siku ambayo kiumbe kidogo cha ajabu kinamuuliza "hicho kidonda ulikipata wapi?", inabidi aende ndani kutafuta sentensi. Huenda akakuta iko ya Kihehe, lugha ambayo msafara mzima hauijui. Nilimwambia kijana wangu: pepo wako anazungumza Kiswahili sanifu kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mfanye asijue lugha yoyote. Halafu usiku mmoja amwambie mateka, "Kamwene," salamu ya Kihehe. Mateka ashtuke, machozi yamtoke, adhani ni mtu wa kwao. Kumbe pepo ameliokota neno lile kwake yeye mwenyewe, alipokuwa akilisema usingizini.

Hapo aliandika kitu kwenye simu. Nilifurahi, sikusema.

Kuhusu maswali, nina ushahidi wa nyumbani. Bibi yangu, upande wa Kalenga, alikuwa na siku zake za kuwaita wazee. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Alichota ugimbi kwa kata, akamwaga kidogo, akataja jina na ukoo. Akachota tena, jina na ukoo. Wanawake wa Kihehe majina yao ya ukoo huanza na Se-, kama Sengimba, mama yake Mkwawa, kwa hiyo hata mtoto aliweza kufuata: Mwa fulani, Se fulani, Mwa fulani. Mwishoni, kata ikiwa karibu tupu, akataja jina moja la mwanamke, jina tupu, halina Se wala chochote nyuma yake. Akamwaga tone. Nikauliza kwa sauti, "Huyo wa ukoo gani?"

Shangazi alinifinya paja hadi leo nalisikia. Baadaye, tukipukuchua mahindi, akanong'ona: "Huyo aliletwa." Neno lenyewe ndilo hilo. Kwetu sijawahi kusikia mtu akisema mtumwa. Wengine waliolewa, huyu aliletwa. Hakueleza nani alimleta, kutoka wapi, wala alikuwa na umri gani, na mimi paja lilikuwa linawasha, sikuendelea. Nimekuja kutambua kwamba familia nyingi za huku, Uhehe, Usangu, Ubena, Usafwa, zina mtu wa namna hiyo mwisho wa orodha. Ndiyo maana nikisoma juu ya pepo mdadisi siwazi mabawa wala mwanga. Nawaza mtoto anayeuliza mahali pasipoulizwa, na kidole na gumba vinavyomsubiri pajani.

Lakini nisimpambe sana huyu mdadisi. Vijana wanamwandika kama malaika, na historia ya mkoa huu inatuambia udadisi una meno. Wamoravian walipofungua misheni Rungwe mwaka 1891 na baadaye Utengule, upande wa Wasafwa, walipokea watu waliokimbia mabwana, wanawake hasa. Mke wa mmisionari mmoja, Elise Kootz-Kretschmer, alikaa nao akawauliza: ulizaliwa wapi, nani alikuteka, ulibadilishwa kwa kitu gani? Akaandika. Kwa sababu hiyo tunazo leo simulizi za maisha ya watu waliotekwa, jambo ambalo sehemu nyingi za bara hazina. Namshukuru. Hata hivyo majibu yale yalitoka vinywani kwa lugha za huku yakaenda kuchapwa Kijerumani, na muulizaji alikuwa na lake: alitaka kila safari iishie mlangoni mwa kanisa. Aliyekuwa akijibu alijua hilo, si mjinga, naye alichagua la kusema na la kumeza. Rafiki anayekuuliza huku ameshika kalamu ni rafiki wa namna gani? Sisemi ni adui. Nasema hadithi nzuri ingemfanya mateka ajiulize.

Na kuna udadisi wa kupima. Mkwawa alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, baada ya miaka minne ya kuwindwa tangu boma la Kalenga lianguke, na kichwa chake kikiwa kimetangaziwa rupia 5,000. Walimkata. Fuvu likachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliipa Ujerumani miezi sita kulirudisha. Lilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kwenda makumbusho ya Bremen na kulichagua kati ya mafuvu mengi yaliyopangwa pale, akisaidiwa na vipimo vya kichwa na tundu la risasi. Likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wapo hadi leo wanaobishana kama ndilo lenyewe. Mimi ubishi huo nauacha. Ninachokiona ni chumba kilichojaa watu wetu kwenye rafu, na wadadisi wakipita na rula, mwaka hadi mwaka, wakitaka kujua kila kitu isipokuwa jina.

Ukienda Kalenga leo fuvu liko kwenye kabati la kioo, na kiwiliwili kiko kwenye kaburi lake Mlambalasi, safari ya gari kuelekea upande wa Ruaha. Askari mkuu wa Uhehe, miaka zaidi ya 50 mateka ng'ambo, sasa ana anwani mbili. Kama kuna kijana anatafuta mzimu wa kuandika, aanzie hapo, wala asimpe mwanga wa kimulimuli. Amkalishe kwenye rafu ya Bremen usiku, kati ya mafuvu mengine yasiyo na majina, na amwache mmoja wao, mdogo, wa mahali asipopajua, amuulize kwa lugha asiyoijua: na wewe ulikuwa nani? Nimelala na picha hiyo siku tatu. Siandiki riwaya, kwa hiyo naigawa bure.

Iringa mjini tunalo hata jiwe la kutusaidia. Gangilonga, jiwe linalosema, pale juu ambapo vijana hupanda jioni kupiga picha jua likizama. Wazee husimulia kwamba Mkwawa alikwenda pale kusikiliza. Kusikiliza, si kusemeshwa tu. Mtawala mwenye vikosi vyote vile alikuwa na mahali pa kwenda kunyamaza. Askari aliyefungwa kongwa hana Gangilonga; pepo wake mdadisi ndiye jiwe lake, lililogeuzwa, linalosikiliza badala ya kusema.

Imebaki hoja ya kijana, na ni haki niitaje kwa sababu aliitetea vizuri. Chai ya pili ilipokuja alisema: "Sawa mwalimu, pepo aulize. Lakini mwisho kongwa nani alifungue?"

Nikampa miaka. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, biashara bara ikaendelea. Wajerumani walipotawala hawakufuta utumwa. Mwaka 1901 walitoa amri iliyomruhusu mtumwa kujinunua, akapewa hati ya uhuru, na amri ya 1904 ikasema watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watazaliwa huru. Waliokwisha kuzaliwa wakabaki hivyo hivyo. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja chini ya Waingereza, mwaka 1922. Mtoto wa miaka 10 aliyetekwa mwaka ambao Elton alipita Usangu angekuwa na miaka 55, ana wajukuu, pengine wajukuu watakaommiminia tone la mwisho la kata kama yule wa kwetu. Kongwa lake halikupasuka kwa kishindo. Liliozea shingoni, kidogo kidogo, na kwa sehemu kubwa ni yeye mwenyewe aliyelilegeza: alizaa, alilima, alijifunza lugha, akaitwa mama wa fulani. Hayo ndiyo nilitaka pepo ayashuhudie na kuyauliza. Miaka 45 ya maswali. Riwaya hiyo sijaisoma bado kwa Kiswahili.

Kijana alikaa kimya, akifuta matone kwenye kioo cha simu kwa mkono wa sweta.

"Mwalimu," akasema, "wasomaji wangu wanasoma ndani ya daladala, kutoka Uyole hadi Kabwe. Hawawezi kunisubiri mpaka 1922."

Nikatafuta jibu, sikulipata. Nikalipa chai.